Bujumbura: Ndege Isahauyo Kimo Chake

Abiria ajaye Bujumbura kwa ndege kutoka kusini huongozwa na maji. Upande wake wa kulia milima ya Burundi imesimama kama ukuta. Upande wa kushoto milima ya Kongo imesimama vile vile. Na katikati Ziwa Tanganyika limelala, refu na jembamba, mpaka linapokoma kwenye uwanda wa mto Rusizi. Hapo, ukingoni mwa maji, ndipo ulipojengwa mji ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Usumbura, na ambao tangu uhuru wa mwaka 1962 unaitwa Bujumbura. Gitega ilifanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, lakini bandari, biashara kubwa na kiwanja kikuu cha ndege vimebaki hapa ziwani.

Kiwanja chenyewe, ambacho mwaka 2019 kilipewa jina la Rais Melchior Ndadaye, kina jengo la abiria lenye kuba nyeupe ambalo mgeni halisahau kwa urahisi, na njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600. Kipo mita 787 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko chini yake kwa mita kumi na kitu tu. Mashariki, mgongo wa milima utenganishao maji ya Kongo na maji ya Nile unapanda kupita mita 2,600. Magharibi, nyuma ya mji wa Uvira ambao taa zake huonekana usiku kutoka ufukwe wa Bujumbura, milima inapita mita 3,000. Basi aliyeko angani mahali hapa yumo ndani ya mfereji. Akikijua kimo chake, ataona mandhari ambayo ni machache Afrika yawezayo kulingana nayo. Asipokijua, hasa nyakati za masika mawingu yanapokaa mabegani mwa milima, kuta zile mbili hazina huruma.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu swali moja: ndege ndogo hukijuaje kimo chake, na fundi afanye nini pale chombo cha kuikumbusha kinapokumbuka leo na kusahau kesho? Swali hili laweza kuonekana ni la marubani peke yao. Sivyo. Hewa ile ile inayompotosha rubani ndiyo inayochelewesha maharagwe jikoni.

Tuanze basi na hayo maharagwe. Mama aliyezoea kupika Bujumbura akihamia Gitega, au kwenye vilima vya Mwaro, huona kuwa kuni zile zile na chungu kile kile havitoshi tena. Maharagwe yanakawia kuiva. Watu husema ni mbegu, au ni maji, au ni baridi. Sababu kubwa ni hewa. Hewa ina uzito, na uzito huo unaukandamiza uso wa maji yaliyo chunguni. Pwani ya Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Bujumbura, ambako hewa iliyo juu yetu imepungua, maji huchemka kwa nyuzi 97 na kidogo. Gitega, iliyo mita kama 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwa nyuzi 95. Ukiongeza moto, maji yatakauka upesi zaidi, lakini hayatazidi joto hilo. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 unazopanda zinaondoa uzi mmoja katika joto la kuchemka.

Kumbe basi sufuria ya maji na kipimajoto vinatosha kumwambia mtu yuko juu kiasi gani! Ndivyo wasafiri wa kale walivyofanya katika ziwa hili hili. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji, wakapanda mitumbwi na kwenda kaskazini mpaka Uvira. Vyombo vyao vingi vilikuwa vimeharibika njiani. Speke alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akaandika kwamba ziwa lipo futi kama 1,850 juu ya bahari. Ukweli ni futi zaidi ya 2,500. Alikosa kwa futi karibu 700, yaani mita zaidi ya 200, na kosa lote hilo lilitokana na sehemu ya uzi mmoja tu wa joto.

Tarakimu hiyo haikuwa jambo dogo. Wakati ule Ulaya ilikuwa ikibishana juu ya chanzo cha Nile. Burton alikuja kudai kwamba mto ulioko kaskazini ya Tanganyika unatoka ziwani na kuelekea Nile, ingawa wenyeji wa Uvira walikuwa wamemwambia kwamba unaingia. Samuel Baker naye alifika Ziwa Albert mwaka 1864, akapima kwa njia ile ile ya kuchemsha maji na kupata futi 2,720. Kwa tarakimu hizo mbili, Tanganyika lilikuwa chini kuliko Albert, na maji hayapandi mlima. Leo tunajua kwamba zote mbili zilikuwa na kasoro, na kasoro zenyewe zilivuta huku na huku: Tanganyika lilishushwa, Albert likapandishwa. Kwa kweli Tanganyika ndilo lililo juu, kwa mita zaidi ya 150. Wataalamu wa London walikuwa wakijenga hoja juu ya vyombo viwili vilivyosema uongo kila kimoja kwa namna yake.

Ubishi ulikatwa kwa mtumbwi. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley waliondoka Ujiji, wakapita pwani ya Burundi, wakafika mlango wa Rusizi na kuuona mto ukiingia ziwani. Huko Mugere, mwendo mfupi kusini ya Bujumbura kwa barabara ya ziwani, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Watu wengi huonyeshwa jiwe hilo na kuambiwa kwamba ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Walikutana Ujiji, Mugere walilala tu katika safari yao. Lakini jiwe linastahili kutazamwa, na ukiwa hapo juu unaona ziwa lote la kaskazini na uwanda wa Rusizi hadi milima ya Kongo.

Ndege za kwanza kuruka katika ziwa hili zilikuja mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji walileta ndege za kuelea majini zilizotengenezwa Uingereza na kampuni ya Short, wakaziweka upande wa Kongo karibu na Kalemie ya leo, na kutoka hapo wakaishambulia Kigoma iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Tangu siku hizo ndege zimebadilika mno, lakini namna ya kukijua kimo haijabadilika kama watu wanavyodhani. Rubani wa leo bado anaupima uzito wa hewa. Hachemshi maji, ana altimita, saa yenye kijikopo cha bati jembamba ndani yake ambacho huvimba ndege inapopanda na kusinyaa inaposhuka. Katika ndege za kisasa kijikopo hicho kimebadilishwa kuwa kipande kidogo cha elektroniki, lakini kazi ni ile ile.

Hewa ya kupimwa huingia kwa kitundu kidogo kilichotobolewa ubavuni mwa ndege, mahali ambapo upepo wa mwendo haupigi moja kwa moja. Aghalabu vitundu huwa viwili, kimoja kila ubavu, vimeunganishwa kwa mpira mwembamba unaokwenda hadi kwenye vipimo vilivyo mbele ya rubani. Mnara wa kuongozea ndege humpa rubani tarakimu ya mgandamizo wa siku ile, naye huitia katika altimita yake. Akifanya hivyo akiwa ameegesha Bujumbura, saa yake itasoma futi 2,582, kwani marubani karibu dunia nzima huhesabu kimo kwa futi. Mgandamizo hapa kiwanjani ni kama hektopaskali 922, ilhali usawa wa bahari ni 1,013. Kila hektopaskali moja inayokosewa ni futi 30 za uongo.

Sasa tufike kwenye otopailoti, ule mtambo wa kuiongoza ndege pasipo mikono ya rubani. Sehemu yake ya kushika kimo ni rahisi kuieleza. Rubani anapanda hadi kimo atakacho, anabonyeza kitufe, na mtambo unaukumbuka mgandamizo wa hewa wa dakika ile. Mgandamizo ukiongezeka, mtambo unajua kuwa ndege imeshuka, nao unaiamuru mota ndogo ivute kamba au fimbo ya usukani wa mkiani ili pua iinuke. Mgandamizo ukipungua, kinyume chake. Mota hiyo imefanywa dhaifu kwa makusudi. Ina klachi inayoteleza, ili rubani akitaka kuishinda kwa mkono wake aweze.

Katika ndege kubwa za abiria kazi hii ina mitambo miwili au mitatu inayokaguana. Katika ndege ya kujiundia mwenyewe mtambo ni mmoja, na aliyeuunganisha ni mwenye ndege. Wapo wasomaji watakaoshangaa kusikia kuwa watu hujiundia ndege. Marekani kuna chama chao tangu mwaka 1953, na ndege za vipande vya kununua ambazo mtu huziunganisha nyumbani zimekwisha kufikia maelfu. Afrika nayo haikubaki nyuma: mwaka 2019 kundi la vijana wa Afrika Kusini liliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4, kisha ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo, ikipita Malawi, Zanzibar na Uganda. Ndege ya namna hiyo ingeweza kutoka Kigoma na kutua Bujumbura, mwendo wa kilomita kama 175, kwa muda usiofika saa moja.

Tuichukue basi ndege kama hiyo katika njia hiyo. Imepita Gombe, imepita Nyanza-Lac, na otopailoti imeshika futi 6,500 bila kutikisika. Karibu na Rumonge pua inaanza kuinama polepole. Futi 50 zinapotea, kisha 100, kisha 200. Halafu, kabla rubani hajaamua la kufanya, ndege inapanda yenyewe hadi mahali pake kama mtu aliyesinzia akashtuka. Mpaka Bujumbura haifanyi hivyo tena. Chini, fundi anawasha mtambo, anaukagua, anaona kila kitu ni kizima.

Kila mwenye gari anaijua adha hiyo. Katika mtaa wa Buyenzi, ambao ni moyo wa Kiswahili mjini Bujumbura na maskani ya mafundi wa magari, hakuna malalamiko ya kawaida kuliko hili la gari linalozimika barabarani na kuwaka vizuri mbele ya fundi. Nionavyo mimi, kasoro ya namna hii ni mbaya kuliko chombo kilichokufa kabisa. Chombo kilichokufa hakimdanganyi mtu. Rubani anashika usukani na kuendelea. Kile kinachofanya kazi mara tisa humfundisha rubani kukitegemea, na mara ya kumi huja jioni, juu ya Rusizi, mvua ikinyesha.

Kishawishi kikubwa ni kununua kifaa kipya. Mtu husema, mota imekufa, agiza nyingine Marekani. Inakuja baada ya miezi, kwa fedha nyingi za kigeni, inafungwa, na ndege inainama tena pale pale Rumonge. Fundi makini hatangulii kununua, hutangulia kuuliza. Ilitokea saa ngapi? Hali ya hewa ilikuwaje? Ndege ilikuwa imeoshwa? Dirisha lilikuwa wazi? Kulikuwa na mtu akizungumza kwenye redio? Na swali lililo kuu: wakati pua inainama, altimita ilisema nini?

Swali hilo la mwisho ndilo linalogawa njia. Kama altimita ilionyesha wazi kuwa ndege inashuka, na otopailoti yenyewe ilijua na kuamuru pua iinuke lakini pua isiinuke, basi kasoro ipo kwenye mkono, yaani mota na viungo vyake. Kama altimita ilionyesha ndege inashuka lakini otopailoti ikidhani yote ni salama, kasoro ipo kati ya hewa na kompyuta yake. Lakini kama altimita na otopailoti vyote viwili viliapa kwamba kimo hakijabadilika, huku milima ikionekana kupanda na kipokezi cha setilaiti kikionyesha kushuka, hapo hewa yenyewe imekamatwa njiani. Jambo hili la tatu ndilo la kutisha kuliko yote, kwa kuwa mashahidi wawili wamekubaliana katika uongo. Kipokezi cha setilaiti hakipimi hewa, kwa hiyo kimo chake hakitalingana kabisa na cha altimita. Lakini mabadiliko yake ya ghafla ni ushahidi wa shahidi wa tatu asiyekula njama na wenzake.

Hewa hukamatwaje? Hapa Bujumbura mshukiwa wa kwanza ni maji. Ndege iliyolala nje wakati wa masika, au iliyooshwa kwa mpira bila kuziba vitundu vyake, huingiwa na matone. Tone moja katika mpira mwembamba linatosha. Ndege ikiwa sawasawa, tone linalala mahali penye nafasi na hewa inapita. Ndege ikiinama au kutikiswa na upepo, tone linateleza, linaziba mpira, na kimo kinagandishwa. Mtambo unaona mgandamizo haubadiliki, nao unaridhika, ingawa ndege inashuka. Tone likihama, kweli inarudi ghafla na pua inaruka juu. Ndiyo sababu fundi mjuzi hutafuta sehemu ya mpira iliyolegea na kushuka chini kama kamba ya kuanikia nguo, kwani hapo ndipo maji hukusanyika.

Mshukiwa wa pili ni uvujaji. Mpira ukiwa na ufa ndani ya chumba cha rubani, vipimo vinaanza kupima hewa ya chumbani badala ya hewa ya nje. Ndege inapokwenda kasi, hewa ya chumbani mara nyingi huwa imevutwa nje na kupungua mgandamizo, kwa hiyo saa inasoma kimo cha juu kuliko ukweli, na otopailoti kwa utii wake inaishusha ndege. Rubani akifungua kitundu cha kupozea jasho, kosa linabadilika. Akikifunga, linabadilika tena. Mtu asiyeuliza juu ya kitundu hicho anaweza kumaliza mwaka akibadilisha vifaa.

Uvujaji hutafutwa kwa njia ambayo yaweza kufanywa chini ya mwembe. Kitundu cha ubavu mmoja kinazibwa kwa utepe, kwenye kingine kinashikizwa mpira, na hewa inavutwa taratibu sana hadi altimita ionyeshe kuwa imepanda futi 1,000. Mpira unabanwa, na watu wanatazama saa kwa dakika moja. Kanuni ya Marekani kwa ndege ndogo zisizojazwa hewa ni kwamba isipotee zaidi ya futi 100. Hewa ivutwe kwa subira, na iachiwe kwa subira. Kamwe mtu asipulize hewa ndani ya mipira hiyo vipimo vikiwa vimeunganishwa, kwani ataviharibu.

Na ule utepe uondolewe. Siyo neno la kupitia juu juu. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya abiria ya shirika la Aeroperú iliondoka Lima usiku baada ya kuoshwa, vitundu vyake vya hewa vikiwa bado vimezibwa kwa utepe. Marubani walijikuta juu ya bahari na saa zisizoaminika. Vyombo vikasema wako juu wakati wako chini. Ndege ilianguka baharini na watu wote 70 waliokuwamo wakafa. Tangu hapo mafundi wengi huzibia kwa utepe wa rangi kali wenye mkia mrefu unaoning'inia, ili hata mtoto auone. Hapa kwetu tuongeze habari ya nyigu wa udongo, ambaye hahitaji zaidi ya siku chache kujenga nyumba ndani ya kitundu. Kitundu kimoja kikizibwa na kingine kikabaki wazi, vipimo husoma vizuri ndege inapokwenda wima, na huruka kila upepo unapoipiga ubavuni. Hiyo nayo ni kasoro ya kuja na kuondoka.

Hewa ikipatikana safi, fundi anahamia kwenye waya. Ndege iliyoachwa kwenye saruji ya Bujumbura adhuhuri hupata joto kali nyuma ya vipimo vyake, na kiungo cha waya kilicholehemiwa vibaya hufunguka kwa joto na kufunga kikipoa. Hapo feni ya kukaushia nywele, ile ile iliyopo saluni, ni chombo cha kazi: plagi moja inapashwa moto, mtambo unatazamwa, kisha nyingine. Plagi zivutwe waya mmoja mmoja. Waya wa ethi ufuatwe mpaka mwisho wake, maana katika ndege za kujiundia watu wengi hufunga waya nyingi kwenye skrubu moja yenye kutu. Umeme wa mota upimwe mota ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imepumzika. Na katika ndege zilizofinyangwa kwa nyuzi za kioo, ambazo hazina ganda la chuma la kukinga mawimbi, redio inaweza kuichanganya otopailoti kila rubani anapobonyeza kitufe na kuzungumza na mnara. Kama pua huinama rubani anapoita Bujumbura na kutulia anaponyamaza, kasoro imejitaja yenyewe.

Mkono wenyewe, yaani mota, hukaguliwa mwisho, ingawa watu huanzia huko. Klachi iliyochoka huteleza usukani ukiwa mzito, na usukani huwa mzito rubani akisahau kuweka sawa trimu, ile bawa ndogo ya kupunguza uzito wa usukani. Msuguano katika kamba au fimbo una dalili yake: ndege haishuki tu, bali inapanda na kushuka kama mashua juu ya mawimbi mapana, mtambo ukivuta, kukosa, kuvuta zaidi, kuzidisha, na kurudisha. Watu huilaumu kompyuta kwa jambo hilo, wakati dawa yake ni tone la mafuta.

Kuna kasoro mbili zisizo kasoro. Katika mitambo mingi ya kisasa, rubani akibadilisha tarakimu ya mgandamizo wakati otopailoti imeshika kimo, ndege huondoka kwenda kutafuta kimo kipya. Imetii tu. Ya pili ni ya Bujumbura hasa. Mchana jua linapounguza miteremko, hewa ya ziwani huelekea nchi kavu na kupanda milima; usiku mwendo hugeuka. Karibu na miteremko hiyo kuna mahali hewa inapanda kwa nguvu na mahali inashuka kwa nguvu. Ndege ndogo ikiingia kwenye hewa inayoshuka, otopailoti itainua pua ili kushika kimo, na kasi itapungua. Mtambo mdogo haujui kukata tamaa. Utaendelea kuinua pua mpaka mabawa yaishiwe na hewa ya kuyabeba. Na hewa yenyewe hapa si nzito: siku ya nyuzi 30 za joto, mabawa yaliyo kiwanjani Bujumbura yanajiona kama yako mita 1,500. Rubani aliyefunzwa, akiona kasi inapungua, anauzima mtambo kwanza, anashika usukani kwa mkono, anageuka kuelekea katikati ya ziwa mbali na kuta, na maswali ya fundi anayaacha mpaka atakapotua.

Kwa sababu hiyo majaribio baada ya matengenezo hufanywa alfajiri, kabla pepo hazijaamka, na hufanywa juu ya maji. Watu wawili waende: mmoja arushe, mmoja aandike. Kila dakika yaandikwe ya altimita, ya kipokezi cha setilaiti, ya kasi, na nguvu ya umeme. Watoke kiwanjani kuelekea kusini, wapite mbele ya Mugere, wafike karibu na Rumonge mahali pua ilipoinama, wageuke. Wafungue kitundu cha hewa, wakifunge. Wazungumze na mnara, wanyamaze. Wapande futi 1,000 na kurudia. Wakirudi kaskazini watauona mlango wa Rusizi na maji yake ya udongo yakisambaa katika bluu ya ziwa, na kando yake Gatumba, ambako mafuriko ya miaka ya karibuni, likiwemo lile la mwaka 2024, yaliwatoa watu wengi majumbani mwao ziwa lilipopanda.

Wakitua, karatasi ile iunganishwe katika daftari la ndege, na iandikwe ni kitu gani kilichobadilishwa: kimoja tu kwa kila safari. Wakibadilisha viwili na kasoro ikatoweka, hawatajua ni kipi kilichoiponya, na ikirudi mwezi ujao wataanza tena kwenye tone la maji.